Maji Hayakufika Alama

Nguzo yenyewe ilikuwa ya mkoko mnene, imechomekwa kando ya njia ya kisimani, na katikati yake imepakwa ukanda wa lami wenye upana wa kiganja. Waliokuja kuichomeka walikuwa watu wa Bwana Afya, mkaguzi wa serikali, kutoka Kwale. Walisema ukanda ule ndio uliokuwa mwisho wa maji mwaka uliopita, Mto Mkurumudzi ulipoingia mtaa wa Dziwani ukaondoka na kuku na vinu na magodoro ya sufi, na jeneza la msikitini likaja kukutwa limekwama mikokoni.

Chirau, mzee wa mtaa, akawakusanya watu akawasomea amri. Haikuwa ndefu. Kila nyumba ya Dziwani, sakafu yake iinuliwe mpaka usawa wa lami. Nguzo za pembeni ziwe za mkoko, zizame ardhini dhiraa mbili. Chini ya viambaza yaachwe matundu, ili maji yakija yapite, yasisukume ukuta. Nyumba itakayokuwa haijatimiza hayo masika yakianza itavunjwa, na mwenyewe aende akajenge huko juu kwenye mchanga mkavu, ambako mtu huchimba kisima mpaka sauti yake isisikike na maji asiyaone.

Watu walinung'unika. Mmoja akauliza kama Bwana Afya ataka minazi nayo iinuliwe. Lakini Boga Sefu hakunung'unika. Alikuwa mkata boriti, mtu wa maneno machache, na mkewe Mwanarusi alijua kwamba Boga akinyamaza hivyo, kesho yake huwa na kazi. Kweli, asubuhi alinoa shoka lake akaingia mikokoni kutafuta nguzo mpya ndefu, kwa kuwa sakafu ikipanda lazima paa nalo lipande, au mtu ataishi ndani mwake ameinama kama aliye ndani ya banda la mbuzi.

Akazikata, akazibeba begani, akazisimamisha moja moja. Nne za pembeni alizichimbia dhiraa mbili kamili, akapima kwa mkono wake mwenyewe mbele ya Chirau. Akalipandisha paa, akaezeka makuti mapya. Kazi ile ikamfurahisha, hata jioni alikuwa akikaa kwenye kinu kilichopinduliwa akiitazama nyumba yake ilivyosimama mifupa mitupu, ndefu kuliko zote. Mwanarusi akimwambia, "Baba Mwanapili, imekuwa kama twiga." Naye hucheka kwa puani.

Kilichomuua ni kisiki cha mkoko. Alikikanyaga siku ya mwisho ya kukata, kikamwingia unyayoni, akakichomoa, akapaka jivu, akaendelea na kazi. Kidonda kilikwisha kufunga juu ndipo taya zikaanza kukaza. Kabla hazijakaza sawasawa alimwita Chirau na nduguye Kibwana, wakakaa kitandani pake, akasema neno lake kwa shida: kiwanja ni cha fuko, ukoo wa mama yake, hilo halina maneno, lakini nyumba ni ya Mwanarusi maadamu imesimama. Asiondolewe mtu kwenye nyumba iliyosimama. Kibwana akasema, "Nimesikia, kaka." Chirau akasema amesikia. Wakamchukua hospitali ya Msambweni akiwa amekwisha kuwa kama upinde, na hakurudi kwa miguu yake.

Basi Mwanarusi akaingia eda.

Alivikwa nguo nyeupe za bafta, akavuliwa bangili, na wanja na mafuta ya kunukia yakawekwa mbali naye. Miezi minne na siku kumi hatavuka ua wa nyumba yake, wala hatasema na mwanamume asiye wa damu yake. Hayo aliyajua tangu utoto. Mama yake alikaa eda, shangazi zake walikaa eda. Lililomkosesha usingizi halikuwa hilo. Nyumba aliyoachiwa akae eda ndani yake ilikuwa bado ni nguzo na paa. Viambaza vilikuwa nusu, vimebomolewa upande wa mto ili vijengwe upya, na sakafu ilikuwa palepale chini, kimo cha goti chini ya lami. Na nyuma ya msitu wa Gazi mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.

Alikuwa na umri wa kutosha kujua hesabu yake. Nyumba ikisimama, ana pa kulala na pa kufia. Ikivunjwa na askari au ikianguka, hana neno la kumwambia Kibwana, na Kibwana hana kosa. Kwao Vanga hapakubaki mtu ila kaka mmoja mwenye wake watatu. Na bintiye wa pekee, Mwanapili, ameolewa Diani, na mama hakai nyumbani kwa mkwe wake. Hata kula mahali zilipoanikwa nguo zake ni aibu.

Mwanapili alipokuja kumwangalia mama yake, akaenda kwa Mbodze, jirani wa ukuta wa pili, na Mbodze akaitisha mwerya, ile kazi ya majirani kukusanyika kwa mmoja wao, naye huwapikia. Mbodze alikuwa binti ya mjomba wa marehemu, kwa hiyo alikuwa mtani wa nyumba ile, na utani wake haukujua msiba. Siku ya mazishi alikuwa ameipiga teke sufuria ya chai akidai marehemu alimwahidi boriti sita akafa makusudi.

Udongo mzuri wa kushindilia sakafu ulikuwa unajulikana. Ulikuwa wa vichuguu, huko kwenye mwinuko nyuma ya mashamba ya mpunga, mwekundu, ukikauka mtu aweza kutwangia mpunga juu yake. Wanawake walikuja na makarai na vikapu vyao wakijua ndiko waendako. Jua lilikuwa kali na njia ni ndefu, mpunga wa watu umejaa matope, na kujaza nyumba nzima kimo cha goti ni makarai yasiyo na idadi.

Mwanarusi akatoka mlangoni, kitambaa cheupe kimemfunika mpaka machoni, akawatazama wanavyojipanga. Wengine walikuwa wazee kuliko yeye. Mmoja alikuwa na mimba. Akaona hataweza. Akae ndani kitako, amekunja mikono, watu wakivunjika shingo kwa ajili ya nyumba yake? Huko kichuguuni eda haimruhusu kwenda. Lakini uani mwake aweza kufanya kazi, hakuna aliyewahi kumkataza mjane kushika jembe ndani ya ua wake.

Akasema, "Chimbeni hapa. Nami nichimbe."

Akaonyesha shimo la udongo. Kila nyumba ya Dziwani ilikuwa na lake. Nyumba ya udongo hujengwa kwa udongo wa palepale: mwenye kujenga hufukua mbele ya msingi, hukandika, na shimo linalobaki huwa la taka na la bata kuogelea mvua ikinyesha. La Mwanarusi lilikuwa upande wa mto, kwa sababu nyuma palikuwa na jiko na choo na minazi. Udongo wake ulikuwa mweusi wenye kunata, si mbaya.

Mbodze akalitazama shimo, akamtazama yeye. "Bi mjane ataka kutoka jasho. Haya, manukato umekatazwa, jasho sikusikia."

Wanawake wakacheka, na wakafurahi pia, maana karai la hatua tano si karai la kichuguuni. Wakachimba. Mwanarusi alichimba kuliko wote. Kila jembe alilolishusha alihisi Boga yuko upande wa pili anapokea. Walijaza, wakamwagia maji, wakashindilia kwa michi ya vinu, wakiimba, na wakati fulani Mbodze akaingia shimoni akajilaza, akakunja mikono kifuani, akasema wamwache humohumo, amechoka na mumewe. Hata Mwanarusi alicheka, akajifunika uso haraka asionekane.

Kazi ilipokwisha sakafu ilikuwa imefika. Viambaza vikasukwa fito mpya, vikakandikwa, na chini yake yakaachwa matundu kama ilivyosemwa, kila moja linapita mkono. Nalo shimo likawa refu sawa na nyumba, na kina chake mtu mzima akisimama ndani huonekana mabega.

Siku chache baadaye ikanyesha mvua ya kwanza, ile ya kulainisha tu. Mwanarusi alikuwa ameketi dirishani. Akaona maji yanateremka kutoka kwa jirani wa juu, yanaingia shimoni kwake, yanazunguka, yanatafuta pa kutokea. Halafu ukingo wa shimo, ule wa upande wa nyumba, ukamegeka kipande. Kikadondoka majini taratibu kama mkate uliolowa. Kati ya shimo na nguzo ya pembeni ilibaki nafasi ya mtu kupita. Baada ya mvua akaenda akaipima kwa nyayo, akarudi ndani, akakaa.

Hakuwa fundi. Hakujua jina la jambo lile aliloliona. Alichojua ni kwamba amri ilisema sakafu iwe wapi, nguzo ziwe zipi, matundu yawe wapi, na haikusema hata neno moja udongo utoke wapi. Akajiambia Bwana Afya akija kukagua atamuuliza. Mtu aliyesoma mambo ya maji atajua.

Bwana Afya alikuja. Jina lake Mramba, kijana wa Kaloleni, mwembamba, suruali yake fupi imepigwa pasi mpaka mkunjo wake ungekata kama kisu. Alifuatana na Chirau na mtu wa kumshikia uzi. Walipobisha hodi Mwanarusi akarudi chumba cha ndani, akaketi nyuma ya mlango kama ilivyompasa, na Mbodze akasimama mlangoni kuwa mdomo wake.

"Shikamoo, mama," Mramba alisema kwa heshima, akiuambia mlango.

"Marahaba, asema marahaba," Mbodze akajibu. "Na mimi nasema marahaba yangu, usidhani imo ndani ya hiyo moja."

Mramba akatabasamu. Akavuta uzi wake kutoka kwenye nguzo ya lami, akaweka pimamaji lake juu ya kizingiti, akainama akalitazama mpaka tone la hewa likatulia katikati. Akaingiza mkono katika kila tundu. Akagonga nguzo za pembeni kwa kisigino cha jembe, akamuuliza Chirau zimezama kiasi gani, Chirau akasema alipima marehemu mwenyewe, naye Chirau akiona. Mramba akavua kofia yake kidogo kwa ajili ya marehemu. Kisha akasema nyumba hii imepita. Tena si kupita tu, watu wengine waje waitazame wafanye kama hivi.

Nyuma ya mlango moyo wa Mwanarusi ulimwenda mbio. Akamvuta Mbodze upindo wa kanga, akamnong'oneza amuulize la shimo.

Mbodze akaingiza kichwa. Uso wake haukuwa na utani. "Mwanarusi. Mtu amesema imepita. Ukimwonyesha shimo atasema haijapita, na masika haya hapa. Utalifukia kwa udongo gani? Utakwenda kichuguuni wewe?"

Mwanarusi alikuwa bado ameushika upindo wa kanga.

"Wataka nimuulize? Nitamuuliza. Sema."

Angeweza kusema. Mlango wenyewe ulikuwa wa makuti yaliyosukwa. Hata akikohoa, aliyeko nje husikia. Lakini sauti ya mjane haitoki kwenda kwa mwanamume mgeni, alilelewa hivyo, na siku ile adabu ile ikakutana na kitu kingine alichokuwa akikitaka kuliko kujua. Alitaka nyumba iwe imepita. Akatikisa kichwa. Mbodze akageuka nje akamwambia Mramba kwamba mwenye nyumba asema ahsante, na Mungu amzidishie elimu.

Baada ya hapo Dziwani nzima ikafuata. Watu walikuja, wakaitazama nyumba ya mjane, wakaliona shimo, wakaona wepesi wake. Nani tena aende kichuguuni? Kila mtu alichimba mbele yake, upande wa mto, kwa sababu nyumba zote zilipangwa mstari mmoja na nyuma ya zote palikuwa na majiko. Njia ya vichuguuni ikaota majani. Mashimo yakawa marefu, mwisho wa hili na mwanzo wa lile pakabaki ukuta wa udongo ambao mtoto aweza kuukalia kama punda. Mramba aliporudi alipima sakafu moja baada ya moja, na zote zikapita, akasema mtaa huu ataupeleka mfano. Mashimo aliyaona, mguu wake mmoja hata uliteleza ndani ya mojawapo. Lakini mashimo ya udongo yako kila mahali pwani, nani huyaona?

Masika yakaanza.

Mvua ilinyesha mfululizo, usiku kucha na mchana kutwa, mpaka watu wakaacha kuisikia. Mto ulipotoka kwenye kingo zake ilikuwa asubuhi, kweupe, na mara hii hakuna aliyekimbia. Waliyaona maji yakija juu ya mpunga, ya rangi ya chai ya maziwa, yakapita kwenye nguzo ya lami na kuanza kuipanda. Watu wakarudi ndani wakakaa juu ya sakafu zao. Mbodze alikuja kwa Mwanarusi na mbuzi wake wawili, akisema nyumba yake ni nzuri ila ya mjane ndiyo ya Serikali. Mwanapili naye alikuwapo, alikuja tangu mvua zilipozidi.

Maji yakafika chini ya kizingiti, yakasimama hapo. Mwanarusi alichungulia mlangoni. Uani kulikuwa ziwa, jiwe la kusagia limefunikwa, lakini sakafu ilikuwa kavu. Aliipapasa kwa kiganja. Kavu kabisa. Kwa muda mfupi alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu Boga alipoacha kusema. Akamwambia bintiye, "Babako alijua kujenga." Mbodze akawaambia mbuzi wake wajisikie kwao.

Sauti ilianzia juu, nyumba ya mwisho upande mto utokako. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu anayeburuta gunia. Ule ukuta mwembamba wa udongo kati ya shimo na shimo ulikuwa umelainika, ukaachia. Maji ya shimo la kwanza yakaingia la pili, la pili likaachia, nayo yakaja mbio mstari mzima kando ya nyumba, yamejichongea mto wao wenyewe, na mto ule ulipita mbele ya kila mlango wa Dziwani. Mto mkubwa ulikuwa umetulia kule mbali kama hauhusiki.

Mwanarusi alitazama nje akaona ukingo unakwenda. Nafasi ile ya mtu kupita ikawa ya paka kupita, kisha haikuwapo. Akaiona nguzo ya pembeni ya Boga, chini yake, pale ambapo nguzo haionwi na mtu. Ilikuwa imezama dhiraa mbili kama ilivyoamriwa, na shimo lilikuwa na dhiraa tatu. Mguu wake ulining'inia majini mweupe, umeoshwa, kama mfupa. Na katika yale matundu yaliyoachwa ili maji yapite, sakafu ikaanza kutoka. Udongo mweusi waliouimbia ulitoka kama uji kwenye chungu kilichotoboka, tundu hili, tundu lile, mpaka katikati ya chumba pakabonyea na mbuzi mmoja akazama miguu akalia.

"Mama, toka," Mwanapili alisema.

Mwanarusi alikuwa ameshika nguzo ya kati. "Eda yangu haijaisha."

"Mama, nyumba inakwenda."

"Alisema nisitoke."

Haikujulikana kama alikuwa akimsema Mungu, au mwalimu wa madrasa, au Boga. Mbodze hakungoja kujua. Alimshika kiunoni kama anavyoshikwa mbuzi, akamng'oa kwenye nguzo, wakatokea mlango wa nyuma, majini mpaka mapajani, kuelekea kwenye minazi. Kitambaa cheupe kilinasa kwenye fito kikabaki. Wanaume waliokuwa wamesimama upande wa juu walimwona mjane wa Boga kichwa wazi, nywele zake nyeupe zimelowa, wakageuza nyuso zao, na mmoja wao akavua koti lake akalirusha bila kutazama.

Nyumba ilipiga goti upande wa mto. Paa lilikaa juu ya maji kwa muda, zima, makuti yake bado mapya. Kisha likageuka pole pole likaenda. Zilizofuata zilikwenda vivyo hivyo, moja baada ya moja kwa mpangilio wa mstari, na Mbodze aliitazama ya kwake ikiondoka. Watu wote walitoka salama. Baadaye wengi walisema tushukuru, na ilikuwa kweli, wakashukuru.

Waliwekwa katika madrasa ya juu. Pembe moja ikatundikwa kanga kuwa pazia, na Mwanarusi akaketi nyuma yake kumalizia eda. Mwalimu alisema kwa upole kwamba aliyetolewa na maji hana lawama, dharura ni dharura, amalize alipo. Mwanarusi akaitika. Lakini alikuwa akikaa eda ya nyumba gani? Nyuma ya pazia watoto wa watu walikuwa wakikohoa, wanaume wakipita wakisema samahani, na yeye alijikunja ukutani akijaribu kuchukua nafasi ndogo iwezekanavyo.

Maji yalipokauka Mramba alikuja. Alikwenda Dziwani na Chirau, wakasimama kwenye nguzo ya lami. Ilikuwa imesimama vilevile. Tope la mafuriko lilikuwa limeacha mstari wake, na mstari ule ulikuwa shubiri nzima chini ya ukanda mweusi. Chirau alisimulia jioni ile, na Mwanarusi akasikia kwa nyuma ya pazia, kwamba Bwana Afya alipiga magoti kwenye matope na suruali yake iliyopigwa pasi, akapima, akapima tena, akasema, "Maji hayakufika alama." Halafu akatembea mstari mzima wa mashimo mpaka mwisho na kurudi.

Kesho yake akaja madrasa, akasimama mbali kidogo na pazia.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

Mara hii Mbodze hakuja kuwa mdomo wake. Alikuwa ameketi mlangoni akitazama mvua. Mwanarusi akaisogelea kanga. Akafunua kinywa.

"Marahaba. Nilitaka kukuuliza la shimo."

Mramba akasogea hatua moja. "Mbona hukuniuliza, mama?"

"Nilikuwa ndani."

Mwanarusi alingoja Mramba aseme kitu. Labda kwamba asingejua jibu. Labda kwamba angejua, na angewaambia wafukie, na wangekwenda kichuguuni wote, hata mwenye mimba. Lolote kati ya hayo mawili lingemwonyesha mzigo ule ni wa nani. Lakini viatu vya Mramba vikasikika vikiondoka.

Amri mpya ilisomwa mbele ya madrasa kabla ya wiki kwisha. Ilikuwa ile ile ya zamani, sakafu, nguzo, matundu, na mwishoni imeongezwa neno: udongo wa kujengea usichimbwe karibu na nyumba, utolewe mbali, mahali palipoinuka. Baada ya hapo Chirau akasoma karatasi nyingine, kwamba Dziwani hapatajengwa tena. Mtu mmoja akacheka peke yake.

Kibwana alikuja kumpa pole shemejiye. Alikaa sana, akanywa chai, akaeleza kuhusu mahindi. Wakati wa kuondoka akasema ukoo umeona kiwanja kipandwe mihogo, kwa kuwa sasa ni wazi. Alisema akitazama chini. Mwanarusi akasema ni sawa, naye aliusikia wosia ule ule aliousikia Kibwana.

Eda ilipokwisha wanawake walimwogesha, wakamvika kanga mpya, wakamfukiza udi. Manukato yalimgonga puani kama kitu cha mtu mwingine. Mbodze alimsindikiza mpaka barabarani ambako lori la Diani lilikuwa likingoja. Walipoagana Mbodze alifungua kinywa kama anayetaka kumtania, uso wote ulijiandaa, kisha akakifunga, akamshika mkono tu.

Diani mkwewe alimjengea chumba nyuma ya nyumba yake, mbali kidogo, kama ilivyo adabu, ili wasikutane uso kwa uso. Alikuwa mtu mwema. Alisimamisha nguzo, akasuka fito, na siku ya kukandika akafukua udongo palepale mbele ya ukuta, akaondoka kwenda kazini ili mkwe atoke apumue.

Mwanarusi alitoka, akaliona shimo.

"Mwanapili, huu udongo umetoka wapi?"

"Hapo tu, mama. Hapa hakuna mto."

Ilikuwa kweli. Mpaka upeo wa macho palikuwa na minazi na mchanga. Mwanarusi akachukua karai, akajifunga kanga kiunoni, akauliza kichuguu cha karibu kiko wapi. Kilikuwa mbali. Akaenda. Siku ile alirudi na karai moja kichwani, akalimwaga shimoni, akaenda tena. Majirani walisema mkwe wa fulani uzee umemwingia kichwani. Mwanapili alisimama uani akimwona mama yake anavyopungua njiani, mgongo wake umepinda chini ya mzigo, na kila akipishana na mwanamume huusogeza uso kando, kama mtu ambaye bado yumo ndani ya eda.

Lile shimo halikujaa kabla ya mvua kuanza.